Mteja wa kucha akisema "hamna shida"

Swali: Shikamoo dada. Nina saluni Buzuruga, karibu na stendi, huu ni mwaka wa pili. Wateja wa kusuka wanarudi, hata waliohama mtaa wanarudi. Ila wa kucha na kuosha miguu wengi huja mara moja tu. Wakiondoka wanashukuru, wanasema wamependa, halafu siwaoni tena. Nimeshauriwa ninunue kile kiti cha kukanda mgongo chenye beseni la mashine linalorusha mapovu, na akiba ninayo. Pia nafikiria kumwajiri kijana mmoja anayetembeza rangi za kucha mtaani, mkono wake mzuri sana. Nifanye nini wateja wangu wa miguu wajisikie raha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kiti kikae pembeni kwanza, nitakirudia. Nusu ya jibu umeshalitaja mwenyewe: wanashukuru, wanasema wamependa, halafu huwaoni. Mteja wa kusuka akiumia hanyamazi. "We, taratibu, unaning'oa nywele!" Msusi analegeza, maisha yanaendelea. Mteja wa miguu hana ujasiri huo. Amekukabidhi kiungo anachokionea aibu, wewe umekaa chini yake kwenye kigoda umeinama, kwa hiyo kulalamika anaona kama kukudharau. Ukimuuliza atakujibu "hamna shida". Nimeshika miguu ya watu wa Mwanza miaka 16, na maneno hayo mawili yamenikosesha wateja wengi kuliko bei.

Nikupe mfano wa kosa langu mwenyewe. Siku za mwanzo nilimpata mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Magaga yake yalikuwa yamepasuka hadi nyama nyekundu inaonekana. Mimi ndiyo kwanza nimefundishwa kwamba chumvi na limao vinang'arisha, nikamwandalia beseni la maji ya moto, chumvi kiganja kizima, malimao mawili. Alipotia mguu alishika pindo la khanga akaling'ata. Nikamuuliza, mama, maji vipi? "Hamna shida mwanangu." Nikaendelea kusugua. Akalipa, akaniombea baraka, akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye tukakutana kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, ndipo akaniambia, tena huku anacheka, kwamba usiku ule hakupata usingizi.

Tangu hapo sisubiri mteja aseme. Naangalia mwili. Vidole vya mguu vikijikunja, bega likipanda, mtu aliyekuwa anachezea simu akiacha ghafla, ujue umemgusa pabaya. Na nimeacha kabisa kuuliza "unaumia?", maana jibu lake nalijua. Nauliza swali la kuchagua: "Nikuongezee maji ya baridi au ya moto?" "Kisigino hiki nikisugue tena au kinatosha?" Watu wetu wengi kukataa kunawapa tabu, ila kuchagua wanachagua vizuri sana.

Kabla ya kuloweka chochote, kaa dakika mbili uusome mguu ukiwa mkavu. Washa taa, usione haya. Tafuta kidonda, jipu, malengelenge, weupe uliolainika katikati ya vidole (huo mara nyingi ni fangasi), kucha iliyochimba ndani ya nyama. Penye kidonda kibichi au usaha huduma haifanyiki, unamwelekeza kituo cha afya na unampangia siku nyingine. Ila chunga ulimi. "Mh, miguu imeharibika hii!" ni sentensi inayofukuza mteja kabla maji hayajapoa. Wengi wa wateja wetu wanakaa Mabatini, Igogo na miinuko ya Bugando, kila siku wanapanda na kushuka kwenye mawe wakiwa wamevaa ndala. Mguu wa hivyo lazima uote sugu, na sugu yenyewe ndiyo inayomwezesha kufika kazini. Usimalize yote. Ukimwachia kisigino laini kama cha mtoto, kesho atateremka mlima akichechemea na atakulaani wewe.

Kuna mteja mmoja ambaye "hamna shida" yake ni ya kweli, na huyo ndiye wa kumwogopa: mwenye kisukari. Ugonjwa huo ukikaa muda mrefu unaweza kuua hisia za miguu, akaungua kwenye beseni lako bila kujua, ukamkata akaona damu kabla ya kusikia maumivu. Kidonda chake kinachelewa kupona, na wapo wanaoishia kukatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kidogo tu. Kwa hiyo muulize kila mteja mpya, kwa sauti ya chini na bila kumfanya ajione mgonjwa: "Una kisukari, presha, au ujauzito?" Mwenye kisukari namwosha haraka kwa maji ya vuguvugu, simlowekei, namfuta vizuri katikati ya vidole, kucha nazipunguza kwa msasa laini, kitu chenye makali hakimkaribii.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu sisi tuko ziwani. Joto zuri ni kati ya nyuzi 37 na 40. Kama huna kipimajoto, tumia kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto, usitumie kiganja. Kiganja chako kimeshazoea moto wa masufuria na kemikali, kinadanganya. Muda ni dakika 5 hadi 10. Ukiloweka nusu saa ngozi inavimba na kuwa nyeupe, huoni tena mpaka wa ngozi iliyokufa na iliyo hai, unajikuta umechimba hadi mbichi. Kucha nayo hunywa maji ikatanuka, kisha ikikauka inasinyaa na rangi inapasuka. Ndiyo maana mikono inayokwenda kupakwa rangi mimi siiloweki kabisa.

Lakini swali kubwa ni maji yenyewe yametoka wapi. Ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji Mwanza, yamepita kwenye mtambo wa kusafisha, hayo tumia. Tatizo ni siku bomba likikauka, anakuja kijana na madumu kwenye baiskeli, na hukumuuliza ameyachota wapi. Kama ni ziwani moja kwa moja, umemnunulia mteja kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya kwenye ngozi nzima, isiyo na mchubuko wowote, ndani ya dakika chache. Hebu fikiria: mguu mtupu, umetulia, ndani ya maji. Tena kosa linalofanyika sana ni hili: mtu anachemsha birika vizuri, halafu anapoozea na maji yale yale mabichi ya dumu. Umeua vya kwanza, umeingiza vingine. Dawa yake si ngumu. Maji ya ziwani yakikaa saa 48 kwenye chombo kilichofunikwa, vimelea hivyo hufa vyenyewe, na yakipashwa hadi nyuzi 50 kwa dakika 5 pia hufa. Weka pipa lenye mfuniko, lijaze leo kwa matumizi ya keshokutwa, na utumie hayo hayo hata kupoozea.

Hapo ndipo kiti chako kinapoingia. Nakishauri? Hapana, si mwaka huu. Beseni lenye mashine linanyonya maji, linayazungusha kwenye mabomba na kuyarusha tena, na ndani humo kunabaki nywele, ngozi na ute ambao wewe huuoni. Mwaka 2000 huko California, Marekani, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja walipata majipu sugu miguuni, yaliyochukua miezi kupona. Bakteria walikutwa kwenye mabeseni ya aina hiyo, nyuma ya chujio, mahali palipojaa nywele na uchafu. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu wembe huacha vijeraha visivyoonekana. (Kwa hiyo mwambie mteja anayeweka miadi asinyoe siku hiyo wala siku iliyotangulia.) Kifaa hicho kinahitaji kufunguliwa na kusuguliwa kila siku kwa maji mengi. Je, Buzuruga una maji mengi kila siku? Beseni la plastiki la kawaida unaliosha kwa sabuni, unalisuuza, unalimwagia dawa, unaliona lote hadi chini. Nunua manne. Mteja akiona unalisugua beseni mbele yake kabla hajatia mguu, moyo wake unatulia kuliko kwa mapovu.

Vifaa vya chuma navyo ni hivyo hivyo, avione vikitoka kwenye chombo safi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai kwenye kifaa kikavu siku 7, na damu yake wala haihitaji kuonekana. Kwanza osha kwa sabuni na brashi, kisha loweka dakika 10 kwenye Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, suuza, kausha. Usiache zaidi, itakula chuma. Wanaoweza kuchemsha dakika 20 wachemshe. Uwe na seti tatu au nne ili usilazimike kufanya haraka haraka wakati foleni inakusubiri. Wembe wa kuparia kisigino tupa, hata kama mteja mwenyewe anaudai. Jiwe na msasa wa mguu vinatosha, na msasa wa kucha wa karatasi mpe aondoke nao.

Ngozi ile nyembamba inayofunika mzizi wa kucha wengi wetu tulifundishwa kuikata. Acha. Ndiyo kizuizi cha uchafu usiingie chini ya kucha. Ilainishe kwa mafuta, isukume kidogo kwa kijiti, kata kile kilichonyanyuka tu kama uzi. Nusu ya maumivu ya saluni za kucha yanatokea hapo.

Halafu namna ya kushika. Mguu ukishikwa kwa ncha za vidole unatekenyeka, mteja anaruka, mkasi unateleza. Shika kwa kiganja kizima, kwa uthabiti, na usiachie ghafla. Kabla ya kuhamia mguu wa pili mwambie. Mzee mwenye magoti mabovu usimwinamishe kufuata beseni chini, linyanyue beseni umwekee juu ya kigoda. Mjamzito mpe mto wa mgongo na umweke karibu na dirisha, harufu ya asetoni inamchosha. Mwenye mwili mkubwa usimpe kiti cha plastiki chenye mikono, atakaa saa nzima akiogopa kitavunjika. Hiyo ndiyo fedha ya kutumia, mdogo wangu: benchi moja imara ya mbao yenye egemeo refu na godoro, fundi seremala yeyote anaweza kukutengenezea.

Na benchi hiyo usiielekeze barabarani. Nimepita saluni nyingi za mjini, mama wa watu kaketi mlangoni, sketi imepanda, madereva wa bodaboda wako hatua tatu mbele yake. Hapo hata ukimpaka dhahabu hajatulia. Geuza kiti kitazame ukuta au pazia, na kila mteja mfunike khanga safi kuanzia kiunoni hadi magotini bila kusubiri aombe. Wanaovaa hijabu watakupenda kwa pazia hilo peke yake. Mkubwa kwako msalimie kabla hujakaa chini, na kama ni bibi wa Kisukuma, "mwangaluka" moja ya asubuhi inafungua mengi.

Kwenye mikono mambo mawili yanasumbua hapa kwetu. La kwanza ni harufu ya samaki. Wanaopaa na kuchambua samaki kutwa nzima wanajua kwamba wananuka, na wamekuja kwako wakiwa na wasiwasi huo huo. Usikunje pua, usifungue dirisha ghafla alipoketi tu. Kinachonuka ni kemikali zenye asili ya alkali, kinyume cha uchachu, ndiyo maana sabuni peke yake haizimalizi na kitu chenye uchachu kidogo kinazikata: siki iliyochanganywa na maji mengi, au limao lililopunguzwa nguvu. Lakini kagua kwanza. Miiba ya sato na sangara inaacha vitobo vidogo, na ukikuta hata kimoja, rudi kwenye sabuni na maji. Mimi na malimao tulishapata somo letu.

La pili ni moto wa jeli, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa. Mteja anatia mkono kwenye taa, baada ya sekunde chache anautoa kwa kasi, wewe unamwambia avumilie. Usimwambie hivyo. Jeli inapokauka kwenye taa inatoa joto yenyewe, na ukipaka tabaka nene joto lote linatoka kwa wakati mmoja juu ya kucha ambayo pengine umeshaikwangua ikawa nyembamba. Paka tabaka jembamba, mara mbili au tatu. Mwambie mapema: "Ukisikia joto toa mkono, hesabu hadi tano, rudisha." Taa nyingine zina kitufe cha kuanza na nguvu ndogo, kitumie. Jeli mbichi isiguse ngozi, maana wapo wanaoanza kuwashwa na kuvimba kuzunguka kucha, na mzio huo ukishaingia mwilini kwa kawaida hauondoki. Mashine ya kusagia kucha usiisimamishe sehemu moja, inachoma. Na gundi ya kubandikia kucha bandia ikimwagika usiifute kwa pamba, zikikutana hupata moto wa kuunguza ngozi kweli. Ile poda ya akriliki ya bei rahisi, yenye harufu kali isiyo ya kawaida, inayogoma kuyeyuka kwenye asetoni, iache dukani. Kuitoa ni kubandua kucha ya mtu. Tumia feni itoe hewa kwako kuelekea dirishani, isipite usoni kwa mteja.

Kabla ya rangi kuna mambo madogo ambayo mteja huyafikiria akiwa ameshachelewa. Aende chooni. Anyonyeshe kama ana mtoto. Atoe funguo kwenye pochi. Alipe, kwa sababu kuingiza namba ya siri ya simu na kucha mbichi ni mateso, na bei muwe mmeshakubaliana kabla hajavua viatu, pamoja na kuondoa rangi ya zamani kama unaitoza. Ukiwa na ndala za kumwazima aliyekuja na viatu vya kufunika, umemwokoa. Kazi za jioni, funga wavu dirishani au zima taa ya nje: wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kwa makundi kufuata mwanga, watajipaka wenyewe kwenye rangi mbichi, na utaanza upya kucha kumi saa moja usiku. Kuhusu umeme, taa ya jeli yenye betri si anasa kwa Mwanza.

Yule kijana wa rangi mpe kazi. Mafundi wengi wazuri wa rangi ninaowajua ni wanaume waliojifunzia barabarani na kikapu mkononi, na mkono uliopaka rangi mteja akiwa amesimama dukani kwake hautetemeki. Mfundishe maji, vifaa na kusoma mguu, hayo huko mtaani hakuyapata. Ila usimwachie mteja mwanamke jukumu la kumkataa mbele yake, maana atakwambia nini? "Hamna shida." Atakaa amejikaza dakika 40, na nyumbani ataulizwa nani kamshika miguu. Muulize wakati anapiga simu kuweka miadi, kijana akiwa hasikii: "Nina dada na kaka, wote wazuri. Nikuwekee nani?" Akisita hata kidogo, mwandike kwako. Kijana mwanzie kwenye mikono, na kwenye miguu ya wanaume. Hao wapo wengi kuliko unavyodhani, wanapita nje wanachungulia tu, hawajui kama wanaruhusiwa kuingia.